Uji wa Bibi Niliokunywa Mimi

Nikisikia harufu ya pilipili manga ikichemka kwenye uji, mate hayanijai kama zamani. Nachoka tu. Natafuta pa kukaa. Mnivumilie, nitazunguka kidogo. Shule niliishia darasa la nne, sijui kusimulia kwa mstari.

Tulikaa Kariakoo, mtaa wa Sikukuu, nyumba ya vyumba sita na ua mmoja. Miaka ile ya Ujamaa sukari ilikuwa ya foleni. Alfajiri unaweka jiwe lako mbele ya duka, jiwe linakusimamia, unarudi nyumbani kupika, na ole wake atakayelisogeza. Letu lilikuwa na doa la rangi ya buluu. Haya ya jiwe nayasema kwa nini? Kwa sababu ya uji. Uji wa futari wenye sukari, mwaka ule, ulikuwa sikukuu tosha.

Bibi, mama yake mama, alikuwa ameanza kupotea akilini. Mimi alinidhani mdogo wake aliyezikwa Kilwa. Ramadhani ile joto lilikuwa la kulainisha lami, naye anakaa uani na sweta la sufu, kimya. Kiu hakuitaja hata mara moja. Nyumba nzima ikajivunia. Mimi, msichana wa miaka tisa, nilikamatwa nikinywa maji ya mtungi mchana, wakaniimbia kama wanavyoimbiwa wanaokula mchana, "Kobe huyo! Kobe! Mwone bibi yako anavyofunga, huna aibu?"

Magharibi kazi yangu ilikuwa kumpelekea bibi kikombe cha uji chumbani. Siku ya kwanza alikitazama, akakisukuma.

"Sina kiu. Kunywa wewe, mdogo wangu."

Nikanywa. Ulikuwa mtamu, jamani, siwafichi. Siku ya pili vilevile. Ya tatu sikumuuliza tena. Nilisimama nyuma ya mlango nikaumaliza. Mama akiuliza, najibu, "Amekunywa, mpaka amelamba kikombe." Na maji ya daku akiyaonja tu na kuyaacha, tulisema ni nguvu ya imani.

Siku ya saba, baada ya adhuhuri, bibi alidondoka pale uani. Mama akapiga ukelele. Akatoka Mama Siya, Mchaga wa chumba cha mbele, muuguzi. Aliifinya ngozi ya mkono wa bibi. Ngozi ikabaki imesimama kama kanga yenye wanga.

"Mama huyu amekauka," alisema. "Anakunywa nini?"

"Amefunga," mama akajibu, bado na fahari kidogo.

"Na akishafungua?"

Mama akanigeukia. Ndipo bibi, macho nusu, akanitetea.

"Muacheni. Mdogo wangu ananiletea kila siku."

Nikalia, nikasema yote. Hakuna aliyenipiga. Hilo ndilo lililoniumiza.

Walimnywesha kwa kijiko, hospitali wakamtundikia dripu, akarudi. Alikaa nasi mpaka mvua za vuli, ila hakusimama tena peke yake.

Miaka mingi baadaye dada yangu mkubwa aliugua ugonjwa uleule wa kupotea akilini. Daktari akanieleza kwamba mahali panapotuambia tuna kiu, tuna njaa, tunaona joto, pamo kichwani, na ugonjwa huu unapafikia napo. Nilikaa kwenye benchi la hospitali mpaka watu wakaisha. Kumbe bibi hakuwa akivumilia chochote. Kiu alikuwa nayo, ila hakuna kilichompa habari. Sote pale uani tulisifu ugonjwa, na mimi niliunywa uji wake nikidhani hauhitaji.

Siku hizi mzee ni mimi. Mjukuu wangu huja jioni na kikombe.

"Shikamoo, bibi. Una kiu?"

"Marahaba." Nausikiliza mwili wangu wote, polepole. Sisikii kitu. "Sina," namwambia.

Kisha nakipokea kikombe, nakunywa mpaka chini, naye namtaka asimame pale pale anitazame.