Neno la Kuisimamisha Lifti

Fundi wa lifti, ambaye jengo zima lilimwita Spana, alikuwa na miaka kumi na tisa kazini na hakuna skrubu iliyowahi kumpiga chenga. Kilichomtoa jasho ni daftari la hitilafu, maana meneja aliagiza lijazwe kwa Kiingereza tu.

Mara tatu mwezi ule aliandika kwamba kamba ya chuma ya lifti ina "problem". Mara tatu meneja alitia sahihi, akapita. Angeshtukaje? Bomba likivuja ni "problem", balbu ikiungua ni "problem". Na kamba ilikuwa imekatika nyuzi kumi na moja. Spana alizihesabu kwa kidole mpaka zikamchoma.

Jumapili akamwendea bintiye, mwalimu wa sekondari.

"Nipe neno zito, mwanangu. La kumkalisha mtu chini."

"Baba, yule ana digrii. Mwandikie 'deterioration'. Ni kuharibika kidogo kidogo."

Akalinakili herufi moja moja, ulimi nje.

Jumatatu meneja alisoma, akatabasamu. "Spana! Siku hizi unameza kamusi? Safi sana." Akatia sahihi. Lifti ikapanda na makarani wanne na mama mjamzito.

Spana alirudi kwenye chumba cha mitambo akifoka peke yake. Alimkasirikia meneja, lakini zaidi alijikasirikia mwenyewe. Alikuwa ametafuta neno la kumpendeza mkubwa akaliacha la kuokoa watu, na hilo alilijua tangu darasa la tano. Akafungua daftari, akaandika kwa Kiingereza hichohicho cha darasa la tano kwamba kamba hii itakatika na watu watakufa. Kisha akazima mtambo, akatia ufunguo mfukoni.

Meneja akaja mbio. "Kiingereza gani hiki? Hakina hata adabu!"

"Hakina, bosi. Lakini umekielewa?"

Meneja akairudia kuisoma ile sentensi. "Mbona hukusema mapema?"

Spana akamfunulia kurasa za nyuma. Sahihi nne, zote za mkono mmoja.

"Utapata barua ya onyo, kwa kutumia lugha ya vitisho," alisema meneja, akageuka kuzikabili ngazi. Ofisi yake ilikuwa ghorofa ya saba.

Barua ya onyo ilifika alasiri ileile. Kamba mpya ilichukua siku tisa.