Kogo Tecla na Kesi ya Mabati

Mama mkwe wangu, Kogo Tecla (kogo kwetu ni nyanya), hakuketi kwenye dawati la shule hata siku moja, lakini sijaona wa kumshinda kwa maneno, na mimi nimejaribu miaka ishirini na miwili. Kazi yake ni ukunga. Kabla akina mama wa huku kwetu hawajazoea kwenda hospitali Longisa, watoto wa huu mlima wote walipokelewa na mikono yake. Wengine siku hizi ni watu wakubwa, wanavaa tai na kupiga kelele kwenye mikutano. Kogo huwaangalia tu. Mtu aliyekupokea ukiwa uchi na kamasi, utamtisha na tai?

Yeye hapigi kelele. Yeye huuliza. Wakati mmoja nilimwambia kuku wangu ameacha kutaga kwa sababu jirani yetu Rebeccah alimsifu.

"Na wale kuku wako wengine, hakuwasifu?"

"Aliwasifu wote."

"Wanataga?"

"Wanataga."

"Basi mpe huyo mahindi, uache Rebeccah apumzike."

Nikampa mahindi. Akataga. Nilikasirika wiki nzima.

Lakini msifikiri ni malaika. Kogo anaamini redio ikiwekwa karibu na kibuyu, maziwa ya mursik yanayogandia humo yanaharibika. Ukimuuliza alijuaje, anakwambia, "Mimi ni mzee, usiniulize maswali."

Sasa niwaambie ya mwaka wa tisini na tano.

Gesare ni jirani yetu, mtu wa Kisii. Alichuna chai kwenye kampuni miaka kumi na minne, mgongo ukapinda, ndipo yeye na mzee wake Onyiego wakapata nusu eka karibu na sisi. Januari wakatoa nyasi kwenye nyumba wakapiga mabati. Yaling'aa mpaka ng'ambo ya mto. Februari mvua ya mawe ikaanguka. Machi ikaanguka mara mbili. Anayelima chai anajua maana yake: majani yote yamechanika, na kikapu kinalala bure zaidi ya mwezi.

Aliyeunganisha hayo mambo mawili ni Isaiah, mzee wa kanisa. Sauti yake ni ya kumtoa nyoka shimoni. Alisema yale mabati yanaita mawe, na watu wakakubali. Hata mimi. Nisijifanye mtakatifu, ni mimi niliyepeleka hiyo habari mpaka kwa posho mill, pale wote tunaposagia mahindi.

Jumamosi moja, tukingoja lori kwenye kituo cha chai, mzee wa mtaa, Kipkosgei, akaitisha baraza hapo hapo. Neno lilikuwa moja: Gesare atoe mabati, ama wahame. Na miaka ile, watu wakifukuzwa na kuchomewa nyumba kwa sababu ya kabila, neno kuhama halikuwa la mchezo.

Isaiah akasimama, akashika kola.

"Ndugu zangu, mabati yalipanda Januari. Mawe yakaanguka Februari. Mnataka malaika ashuke awaeleze? Tena kila mtu anajua watu wa kwao wanaelewa mambo ya mvua ya mawe. Na atakayewatetea, tumuulize amepewa nini. Leo ni mabati. Tukinyamaza, kesho atajenga ghorofa, na mawe yatakuja makubwa kama vichwa vyetu!"

Tukapiga makofi. Ghorofa! Kwenye nusu eka!

Gesare alikuwa amesimama kando ya kikapu chake, mtoto wake mdogo Nyamwange ameshika leso yake. Alisema kitu kimoja tu: "Mimi nilitaka nyumba isivuje."

Kogo Tecla akainuka polepole na fimbo yake.

"Umeongea vizuri, Isaiah. Ningekupigia makofi, ni vile nimeshika fimbo. Hebu niambie, Chelimo wako ana miaka mingapi?"

"Kogo, Chelimo anaingiaje hapa?"

"Anaingia. Hata duniani ni mimi nilimwingiza. Mingapi?"

"Ishirini na moja."

"Alizaliwa siku gani?"

Bibi ya Isaiah, Phelis, ndiye aliyejibu kutoka nyuma. "Siku ya mawe, Kogo!"

"Siku ya mawe. Yalitoboa nyasi, nikakufunika na uteo, mtoto akatoka. Na bwana yako alikuwa wapi?"

"Chini ya ghala ya mahindi! Amekumbatia jogoo!"

Watu wakacheka mpaka karani wa chai akaacha mizani yake. Kogo hakucheka. Aligonga fimbo chini.

"Wengine niliowapokea siku ya mawe, simameni."

Wakasimama mmoja mmoja. Kimeli, dereva wa trekta. Msichana mmoja mwalimu. Jamaa mmoja mnene hakujua, mama yake akamvuta shati, "Simama, wewe pia!" Walifika saba, wa miaka tofauti tofauti.

"Hawa wote walipozaliwa, nani alikuwa na mabati kwenye huu mlima?"

Hakuna. Hata kanisa lilikuwa la nyasi.

Isaiah hakukubali kufa haraka. "Yale ya zamani yalikuwa mawe ya Mungu. Haya ndiyo ya mabati."

"Utayajuaje? Yale ya Mungu yalikuwa na sukari?"

"Kogo..."

"Na kanisa lako, si mliliwekea mabati miaka nane iliyopita? Tena mapana kuliko ya Gesare. Hayo yanaita nini, baraka peke yake?" Akamsogelea. "Tufuate hiyo njia yako, Isaiah. Chelimo alikuwa njiani, mawe yakaanguka. Basi ni yeye aliyaita. Tumhamishe?"

"Msimguse mtoto wangu!" Phelis akapiga kelele.

Kogo akageuka, sauti ikashuka. "Unaona, mama Chelimo? Hata Gesare ana mtoto."

Mimi nilimwangalia Nyamwange na ile leso, nikakumbuka mdomo wangu kwa posho mill. Kipkosgei akakohoa, akasema mabati yakae, na baraza limekwisha. Lori nalo likafika.

Mwezi wa tano, tukitoka kituoni na vikapu vitupu, mbingu ikafunguka. Mawe ya saizi ya mahindi, halafu ya mayai ya njiwa. Kila mtu alitupa kikapu akakimbilia paa lililokuwa karibu, na paa lenyewe lilikuwa la Gesare. Tulijaa humo kama magunia. Wa mwisho kuingia alikuwa Isaiah, ameweka koti juu ya kichwa. Gesare alimwangalia kidogo, halafu akasogea ili apate nafasi, akamwekea kikombe cha chai mkononi.

Kogo Tecla alimwona. Nilijua ana neno, nilimwona akilivuta kutoka tumboni, neno la mwaka mzima. Akafungua mdomo. Lakini mawe juu ya yale mabati yalikuwa yanapiga ngoma, hakuna sikio lililopata kitu. Akajaribu tena. Mwishowe akafunga mdomo, akatikisa kichwa, akanyoosha mkono apewe chai na yeye.

Hiyo ndiyo siku pekee nimemwona akishindwa.