Mume Wangu Ameapa Mama Yake Asile Chakula Chake

Admin, jina langu lifiche kabisa, huku tunajuana. Nina miaka thelathini na nne, nina mume na watoto watatu, naishi Kintinku. Naandika nikiwa na hasira, mnivumilie.

Mume wangu aliacha kanisa akajiunga na kikundi kidogo kinachoshika dini ya Kiyahudi. Nikamfuata, na sijutii, maana kule tunasoma kwelikweli na kuuliza hakukatazwi. Mama mkwe alibaki kanisani. Kwenye msiba mmoja akamwambia mwanawe mbele ya ukoo kwamba amechanganyikiwa. Mume wangu akaapa kwa Mungu palepale: chakula chake ni haramu kwa mama yake.

Mwaka huu uwele wa mama mkwe umekauka wote shambani. Ni mzee, anaishi peke yake, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Sisi ghalani tunacho. Nikimsihi mume wangu, ananijibu kwa upole wa kuudhi kwamba hata yeye anaumia, ila Torati inakataza mtu kuvunja neno lake. Anaumia huku anaongeza mboga.

Nikaanza kusoma habari za nadhiri kwa mwalimu wetu. Kumbe wazee wa Kiyahudi walishalijadili hili zamani sana. Nadhiri inaweza kufunguliwa mbele ya watu watatu, aliyeapa akikiri kwamba angejua asingeapa, na heshima ya mama ni sababu mojawapo. Nilifurahi jamani. Mwalimu akaja nyumbani na wenzake wawili, akamuuliza, "Ndugu yangu, siku ile ungejua kwamba mama atalala njaa, ungeapa?"

Mume wangu akajibu, "Ningeapa tu."

Mwalimu akanyanyuka. "Basi usiisingizie Torati. Kinachokufunga ni kinyongo chako."

Wakaondoka. Tangu hapo sala zake zimezidi kuwa ndefu, na mimi hata kumtazama siwezi.

Jana nilichota unga nikampelekea mama. Akanishukuru, akauliza ni wa nani. Nikasema ni wa nyumbani. Akausogeza mfuko kwangu.

"Rudisha, mwanangu. Sitaki akosane na Mungu wake kwa ajili yangu."

Nililia njia nzima. Yeye kanisani kwake anaiheshimu nadhiri ile kuliko aliyeiapa.

Ndugu zangu, nishaurini. Nimwambie unga nimenunua mimi ili ale? Au nami nitakuwa nadanganya huku najiita mcha Mungu? Nijibuni leo, mama hajala.