Samaki Wanaopimwa Mara Mbili Vitshumbi

Safari yote ilinigharimu dola themanini na saba. Nimehesabu mara mbili. Thelathini na saba zilikwisha njiani. Hamsini nitazieleza mwishoni, msiruke mistari.

Wenzangu wauza samaki, mnajua kwa nini nilitoka Goma. Kompyuta inayotunza vipimo vya samaki wa ziwa Edward, ile inayotuonyesha miezi tilapia wanapozaa, ilikuwa karibu kuzimwa. Mfadhili ameondoka. Makundi sita yanavitumia vipimo hivyo: walimu, walinzi wa mbuga, wavuvi, na wengine kama sisi. Tuliombwa kugawana gharama, dola hamsini kila kundi kwa mwaka. Mkasema nitumwe mimi hadi Vitshumbi, kijiji cha ziwani vipimo vinakotoka, nikapunguze bei.

Alfajiri nilipanda pikipiki mtaani Katindo. Dereva alitaka kumi, nikampa saba. Rumangabo nikahamia lori, juu ya magunia ya maharagwe. Vizuizi vya barabarani nilihesabu sita kwenda, saba kurudi, hapo sikukosea.

Kesho yake asubuhi, Vitshumbi, mitumbwi ilipoingia nilimkuta Mama Kahindo, mkubwa wa akina mama wanaopima. Yeye na mwenzake walikaa wamepeana mgongo. Mmoja anapima samaki kwenye ubao, anaandika kimya, anampitisha nyuma. Wa pili naye anapima, anaandika. Kisha wanalinganisha. Namba zikipishana, samaki anapimwa mara ya tatu, halafu anaingia katika sufuria yao.

"Basi munakosaka makusudi, mama? Juu ya kula?" nilimuuliza.

"Tungekuwa wanono, papa. Tuangalie."

Niliwaangalia. Samaki arobaini na nane, sufuriani mmoja.

Saa nne alinifungulia chumba cha daftari. Zilifika kifuani kwangu, ukuta hadi ukuta, za kwanza kwa mwandiko wa marehemu mama yake. Hakuna mpimaji aliyelipwa hata siku moja. Nikaona kurasa zenye mstari mtupu na neno moja: *vita*.

"Jazeni hapa kidogo," nilishauri. "Nani atajua?"

"Mimi nitajua. Siku hatukupima, hatukupima."

Nikatafuta siku yangu mwenyewe, ile tuliyokimbia moto wa volkeno Goma, mimi na godoro kichwani. Ipo: "Usiku anga nyekundu kusini. Asubuhi samaki makumi tatu." Nilisoma nimesimama, nikavua kofia bila kujua.

"Hii chumba inavuja," alisema. "Ile kompyuta ya Goma ikizimwa, mvua ndiyo itasoma. Na nyinyi, mulilipa ngapi?"

"Bado, mama."

"Bado ni ngapi?"

Nilikuwa nimekuja na bei yangu mfukoni: ishirini. Niliiacha humo humo, nikatafuta lori la kurudi.

Jioni ya siku ya tatu, Goma. Kesho yake ilikuwa siku ya mwisho ya kulipa. Makundi matano yalikuwa yamemaliza, tulibaki sisi. Nikatoa hamsini zangu. Karani anayepokea michango alingoja nipunguze. Sikupunguza, akahesabu mara mbili yeye.

Nilidhani mimi ndiye bingwa wa kuhesabu mara mbili. Lakini mimi nahesabu nisiibiwe. Wale mama wanahesabu kwa ajili ya watu ambao hawatawaona kamwe.

Thelathini na saba nawasamehe: nilikula samaki wa ubishi, yule wa sufuriani. Hamsini ni deni la kundi, naomba mnirudishie kabla ya Jumamosi. Na mnishauri: mwaka ujao Mama Kahindo akiniuliza tena "bado ni ngapi," nimjibu nini?