Kikombe cha Kipa

Ami yangu alikuwa kipa, na si kipa wa kucheza jioni kwa kujifurahisha. Kwa miaka mingi alilipwa mshahara kudaka mipira, katika klabu ya nchi jirani, mpaka goti likamwambia basi. Babu, aliyetoka Unguja na watoto wake, hakuikubali kazi ile hata siku moja. Akisema mwanawe analishwa na upepo wa ndani ya mpira. Lakini upepo huo ndio uliotujengea nyumba katika mji wetu wa Ibra, bara kutoka Muscat, na babu alikaa humo mpaka alipokufa, akilalamika chini ya kiyoyozi.

Ami aliporudi kwetu, watu walimpenda kwa mikono yake. Ukimrushia chungwa huku anazungumza na mwingine, hulidaka bila kukutazama, akaendelea na maneno yake. Mimi nilimwonea fahari, na wivu pia.

Kisha mikono ikaanza kutetemeka. Daktari wa Muscat aliutaja ugonjwa kwa jina lake. Ami akatukataza kulitaja hata nyumbani, seuze nje. Kilemba akawa anafungwa na mkewe, naye anatazama ukutani.

Kwetu kahawa ina adabu yake. Kwenye sabla, ukumbi wa wanaume wa mtaa, mmiminaji husimama na dele la kahawa mkononi, akakujazia kikombe kidogo. Ukimaliza anajaza tena. Husemi basi. Unakitikisa tu kikombe, naye anakichukua. Basi ami akinyoosha mkono aongezwe, kikombe kinacheza chenyewe, na mmiminaji, kwa adabu zake zote, anakipokea na kumpa mwingine. Kila Ijumaa nilimpeleka kwa gari, na kila Ijumaa aliambulia kile kimoja. Hakulalamika. Angeomba aongezwe, ingebidi aseme kwa nini.

Akirudi nyumbani alikuwa akiomba kahawa. Mkewe, ambaye hadanganyiki, akauliza, "Kwani huko hamkunywa?" Ami akasema ya kule nyepesi. Keshoye mkewe alikwenda kwa mke wa mmiminaji, akamweleza kila kitu. Ukimwambia mmoja Ibra, umewaambia wote.

Ijumaa iliyofuata kikombe kilitetemeka, na kikajazwa. Ami akanitazama, uso umemkunjuka; sikuwa nimemwona vile kwa muda mrefu. Akanywa, akajaziwa, akanywa tena. Mwishowe akatosheka, akakitikisa kwa kusudi. Kikajazwa. Akakitikisa kwa nguvu zaidi, kahawa ikamrukia kwenye kanzu. Mmiminaji akamimina polepole, macho kwenye zulia. Waliokuwa wakizungumza wakashusha sauti. Mle ndani hapakuwa na mtu aliyeweza kutambua mtikiso upi ni wa ami na upi ni wa ugonjwa, na wote walikuwa wamekwisha kuamua kuwa ni wa ugonjwa.

"Khalas, ya sheikh," ami akasema kwa sauti. "Nimetosheka."

"Bil-afia, bil-afia," wakaitikia wote kwa pamoja, kwa upole ambao ungemtosha mgonjwa mahututi. Nilitamani kuwatukana.

Garini, tulipolipita soko, akaniuliza.

"Nani kawaambia?"

"Mkeo, ami. Kwa mapenzi tu."

"Najua ni mapenzi." Aliikalia mikono yake. "Lakini walipokuwa wakininyang'anya kikombe, mwanangu, nilikuwa mwanamume mwenzao aliyetosheka."

Nyumbani mkewe alitusubiri mlangoni. Akamuuliza kama safari hii wamemnywesha vizuri. "Wamenikirimu sana," ami akamjibu, akaingia ndani. Sabla hakwenda tena. Mkewe alidhani maradhi yamezidi, akawa anamwombea dua.

Ami amefariki. Mkewe bado huwahadithia wageni jinsi alivyomrudishia mumewe kahawa yake, na akifika hapo hunigeukia mimi niliyekuwapo, nithibitishe. Nami huthibitisha.