Pedali ya Bundi

Salesio alikuwa fundi wa magari kule Kinoru, mjini Meru, nyuma ya uwanja wa mpira, na katika magari yote aliyowahi kulala chini yake hakuna lililomsumbua kama pikapu ya Bundi. Ilikuwa Morris ya zamani, rangi yake iliwahi kuwa buluu, na ilikuwa ndogo kiasi kwamba watu wa bodaboda waliichungulia dirishani wakicheka. Injini ilikuwa nzima. Ugonjwa wake ulikuwa klachi. Unakanyaga pedali, inashuka, inashuka, mpaka karibu na sakafu ndipo inaanza kushika kitu, na ukifanya haraka gia inakwaruza mpaka watu wa barabarani wanageuka kukutazama.

Haukupita mwezi bila Bundi kushuka nayo kutoka Githongo, alikokuwa na kahawa yake, akiwa na maneno yale yale.

"Salesio, inacheza tena. Kaza kidogo."

"Bushi zimeisha, bwana, hizi pete zinazoshika pini. Pini inaelea ndani. Nikikaza nati nakudanganya tu. Lete bushi mpya."

"Za hii gari utapata wapi siku hizi? Kaza tu."

Basi Salesio alikaza ile nati kwenye fimbo ya klachi, kazi isiyomaliza hata sigara, kisha wakakaa. Walikunywa chai, wakasengenya bei ya kahawa na magoti yao, na jua likawaondokea wakiwa bado pale. Tangu mkewe afariki, Salesio hakuwa na mtu mwingine wa kukaa naye hivyo. Wakiagana Bundi alimwambia apande Githongo siku moja aone kwake, naye alijibu atakuja. Hakwenda. Angekwenda kufanya nini? Mwanamume wa rika lao haendi kwa mwenzake kukaa tu, lazima awe ameitwa na kazi.

Siku moja Bundi aliiacha pikapu, akasema kifua kinambana, acha apite hospitali kwanza. Akafia huko.

Mkewe, Winfred, alikuja gereji siku chache baadaye na shemeji yake Mbae. Hakuzungusha maneno.

"Fundi, mwenyewe alisema siku yake ikifika asipelekwe nyumbani na gari ya kukodi. Apelekwe na hii. Itaweza ule mlima?"

Salesio aliigeukia pikapu. Nati ilikuwa imefika mwisho wa fimbo, hapakuwa na pa kukaza tena. Aliuona mlima wa Githongo, jeneza nyuma, gia inakataa kuingia, na pikapu inarudi kinyumenyume mbele ya waombolezaji. Hiyo ndiyo safari ya mwisho ambayo angempa Bundi. Aliona aibu, na chini ya aibu yalikuwepo majonzi ambayo hakuwa amemwonyesha mtu.

Akainua kiti cha dereva kutafuta jeki ili walau aangalie. Chini ya kiti palikuwa na kifurushi cha gazeti lililogeuka manjano, kimefungwa kwa mpira wa tyubu. Akakifungua. Zilikuwa bushi na pini yake, mpya, bado na grisi ya dukani iliyokauka ikawa ngumu.

"Hizo ni za kitambo," Winfred akasema polepole. "Alizitoa Nairobi wakati binti yetu Kaari akiwa shule ya msingi. Sasa Kaari ni mama."

"Mbona hakunipa?"

Winfred alitazama chini. "Nilimuuliza. Akaniambia, nikimpa Salesio hizo, nitakuwa nashuka Meru kufanya nini?"

Salesio akaingia chini ya gari upesi, kwa sababu uso ulikuwa umeanza kumponyoka. Kulala chali kule kulimsaidia. Akang'oa pini iliyolika ikabaki nyembamba katikati, akagonga bushi za zamani zikatoka vipande vipande. Alimjua mtu pale mjini ambaye angemchongea bushi nyingine siku yoyote ile. Hakuwahi kumtajia Bundi. Akafikiria hilo huku akipaka grisi, na likamuuma. Akaingiza bushi mpya, akarudisha nati nyuma, akapima kwa mkono. Pedali aliiachia mchezo wa kidole kimoja tu, kwa kuwa klachi isiyocheza kabisa huungua.

Siku ya mazishi yeye ndiye aliyeendesha, kwani hakuna mwingine aliyeizoea. Jeneza lilizidi urefu wa pikapu, wakalifunga kwa kamba mlango wa nyuma ukiwa wazi. Pale mlima unapoanza alikanyaga klachi, na mguu wake, kwa mazoea, ukatafuta ule mwendo mrefu wa bure. Haukuwepo. Gia ya pili ikaingia kimya kimya. Wakapanda bila kusimama, magari ya watu yakiwafuata taratibu.

Nyumbani kwa Bundi alipajua kabla ya kushuka. Ile kahawa ya upande wa chini, lile banda la ng'ombe lililoegemea, yote alikuwa ameshasimuliwa kwenye chai. Kilichokosekana ni mwenyeji wa kumwambia karibu.

Baada ya kaburi kufunikwa, Mbae alisogeza pikapu ili wageni wapate kupita. Akashuka ameridhika.

"Fundi, hapa umefanya kazi. Hii sasa haitarudi kwako tena."

Salesio alitaka kusema asante, kama fundi yeyote anayesifiwa. Badala yake akalia, mbele ya watu, mikono ikiwa bado na grisi kwenye kucha. Waliokuwa karibu wakadhani ni kwa sababu ya kaburi. Winfred peke yake ndiye aliyeelewa. Akamwambia Mbae aiache gari palepale ilipo, amletee fundi kiti, na chai.