Sista Donatille wa Mugunga na Swali Lililoogopwa

Alizaliwa mwaka 1952, wakati wa mvua kubwa, juu ya kilima cha malisho upande wa Masisi, binti wa mfugaji Nsabimana, Mkristo aliyejua sala zake kiasi na ng'ombe wake sana. Akabatizwa Donatille; jina la nyumbani likawa Nyirakamana. Wapenda maajabu wangetaka niseme kwamba nyota ilisimama juu ya nyumba yao. Haikusimama. Kulikuwa na ukungu, na ng'ombe mmoja alizaa siku hiyohiyo, basi. Lakini neema hupita njia yake yenyewe, na kwa mtoto huyu ilipita zizini. Kila jioni mifugo iliporudi, baba yake alimsimamisha langoni na kumwambia: "Ule analia iko na nguvu ya kulia. Angalia ule anasimama pembeni, hacheui, hasumbui mutu. Ule njo mugonjwa." Mtoto akaangalia. Hakujua kwamba alikuwa anafundishwa kazi ya maisha yake yote.

Alisoma kwa masista, akajifunza uuguzi, akaweka nadhiri zake mwaka 1976. Wote waliomfahamu wanasifu mkono wake, mwepesi hata sindano yake haikuwaliza watoto. Ulimi wake haukuwa mwepesi namna hiyo. Alikuwa mkali kwa wavivu, alipenda chai yenye sukari ya kuogopesha, na alicheka kwa sauti hata mahali ambapo masista wengine walitabasamu tu. Nayasema haya makusudi, maana tuna tabia ya kuwapaka watakatifu chokaa mpaka hatuwatambui tena. Kanisa halijatamka neno juu yake. Wanaomwita mtakatifu ni watu wa Mugunga, nao wana sababu zao.

Mwaka 1994 wakimbizi walifurika Goma, na kipindupindu kikawafuata. Sista Donatille alipelekwa Mugunga, magharibi mwa mji, kwenye barabara ya Sake, mahali ambapo ardhi ni mawe meusi ya volkano na hata kaburi ni shida kuchimba. Huko alimhudumia mama mmoja kijana aliyekuwa amezika watoto wake wote. Kila alipoulizwa hali alijibu kwa adabu, "Niko muzuri, Mama Sista, asante." Siku moja akamletea sista kitenge chake kizuri, kimefuliwa na kukunjwa vema. Kwetu kukataa zawadi ni kumdharau mtoaji. Basi Donatille akapokea kwa mikono miwili, akamshukuru, akamtakia baraka. Kesho yake yule mama alikutwa ziwani, amekufa.

Jambo hilo lilimchoma sana. Alikuwa amesimama langoni, kama baba yake alivyomfundisha, na asiyecheua akapita mbele ya macho yake akishukuru. Hakukata tamaa, ila alibadili namna yake ya kufanya kazi. Tangu hapo, akishapima homa na kufunga kidonda, hakumwacha mgonjwa aende. Alimketisha na kumwuliza analalaje, anakula na nani, kesho anatazamia kufanya nini. Akijibiwa kwamba yote ni mazuri, aliuliza mara ya pili: "Ya mwili nimesikia, papa. Na ya moyo?" Foleni ilinung'unika. Wauguzi wenzake walimtania kwamba sista huyu angemhoji hata maiti. Yeye alicheka, akaendelea kuuliza, na akawafundisha vijana wote waliopita mikononi mwake kuuliza vivyo hivyo.

Jaribu lake kubwa lilimpata mwaka 2008, vita vilipojaza tena kambi za Mugunga. Miongoni mwa waliokimbia Masisi alikuwa Havugimana, mfugaji aliyepoteza wana wake wawili na kundi zima la ng'ombe. Kila alfajiri mtu huyu alisimama kati ya vibanda na kuwaita ng'ombe wake kwa majina yao ya sifa, mmoja baada ya mwingine, kwa sauti iliyoamsha kambi. Watu wakasema ana pepo. Kikundi cha maombi cha mzee Onésime, mtu wa Mungu mwenye bidii kuliko subira, kikafunga na kumwombea. Na tazama, siku moja Havugimana akanyamaza. Akanyoa ndevu, akafua koti, akaanza kuwasalimu jirani huku akitabasamu. Onésime akatangaza kwamba mgonjwa amefunguliwa, akaitisha ibada ya shukrani mchana, mbele ya kambi yote.

Waliimba, wakapiga ngoma. Havugimana alisimama katikati akiwashukuru wote, kisha akaanza kugawa vitu vyake. Fimbo yake akampa huyu, blanketi akampa yule, na watu wakapiga vigelegele kwa ukarimu wa aliyepona. Mwisho akamwendea Sista Donatille na kumkabidhi icyansi, chombo cha mti cha kukamulia maziwa, alichokimbia nacho toka Masisi alipoacha kila kitu kingine. Sista akapokea kwa mikono miwili kama desturi inavyotaka. Alikumbuka kitenge.

Akamnong'oneza Sista Léocadie, mkubwa wake wa zahanati, kwamba lazima amwulize mtu huyu, na amwulize waziwazi. Léocadie akashtuka. Wazee wetu husema kutaja kifo ni kukiita, na hapakuwa na mtu kambini aliyethubutu kulitamka neno lile mbele ya mgonjwa.

"Dada, usiseme vile! Utamuitia kifo. Na kama unakosea, utamupatisha haya mbele ya batu bote."

"Nikikosea nitamuomba pardon," akajibu Donatille. "Nikinyamaza, nitamuomba nani?"

Akamshika Havugimana mkono, akamtoa katikati ya ngoma mpaka nyuma ya mapipa ya maji.

"Papa, miye ni mutoto wa mufugaji. Mwanaume hatoe icyansi yake kama angali na kesho. Niambie kweli. Uko unataka kujiua?"

Ngoma ziliendelea upande wa pili. Mzee akasema polepole, "Mama Sista, batu bote baliniombea. Weye njo wa kwanza kuniuliza."

Sista hakupiga kelele wala hakumhubiria. Akamwuliza kama ameshapanga siku, na kwa njia gani. Havugimana akatoa chini ya koti kamba yake ya kufungia ng'ombe, akamwekea mkononi. Hapo ndipo kilio kikampasuka. Akalia kama ambavyo hakuwahi kulia, akawaita tena ng'ombe wake wote, na baada ya ng'ombe, kwa mara ya kwanza tangu afike kambini, akawaita wanawe.

Kambi ikachafuka. Onésime akaja mbio na jasho la ngoma usoni. "Tulimuponyesha, na sista amemurudishia pepo!" Watu wakamzunguka, wengine wakimtukana. Donatille akasimama mbele ya mzee anayelia, akasema maneno ambayo Mugunga haijayasahau: "Mumuache alie. Kama analia, angali wetu."

Alishtakiwa kwa wakubwa wake, na kwa muda akakatazwa kuhudhuria ibada za kambi. Alitii bila kununa, ila zahanatini hakurudi nyuma hata hatua moja. Aliwapanga majirani walale kibandani kwa Havugimana kwa zamu. Alimpeleka kwa daktari akapewa dawa ya usingizi. Na chombo kile hakukirudisha. "Nitakuchungia," akamwambia, "lakini miye sijui kukipaka siagi vizuri, kisipasuke. Kesho ukuje kuangalia." Kesho akaja, akamkemea sista kwa uzembe wake. Kesho kutwa akaja tena. Onésime alipoona mtu huyu anaishi, akaja mwenyewe zahanatini, akaomba afundishwe kuuliza.

Mwisho wa mwaka 2012 vita vilifika Goma penyewe. Kombora lilimwua Sista Léocadie, na zahanati ikaporwa mpaka vitanda. Donatille hakulia. Alifanya kazi vizuri kuliko wote, alitabasamu, alimshukuru kila mtu. Saa yake ya mkononi akampa muuguzi kijana Bénita, ambaye alifurahi sana. Na Havugimana, ambaye sasa alikuwa akichunga ng'ombe wa watu huko Kibati, alipokuja kama kawaida yake, sista akamwekea chombo mikononi.

"Chukua, papa. Ni saa yake ya kurudi kwako."

Mfugaji akakitazama chombo, akamtazama yeye. Akaketi chini.

"Mama, miye sikusoma. Lakini nitakuuliza lile neno uliniuliza. Uko unataka kujiua?"

Masista waliokuwapo waliziba midomo. Donatille akajibu, "Hapana, papa. Lakini sitaki tena kuamuka." Na yule aliyewafundisha wengi kulia, akalia mbele ya watu. Havugimana akamrudishia chombo magotini.

"Basi sikichukue. Kesho nitakuja kuangalia kama umekipaka siagi."

Akaja. Sista alipumzishwa, akatibiwa, akarudi kazini, akacheka tena na kuweka sukari tele. Aliishi hadi mwaka 2017, akafa kwa ugonjwa wa moyo, mchana, katikati ya masista wenzake, akiwa ameshika rozari. Kila mwaka siku ya kumbukumbu yake, waumini wa Mugunga wanajaza icyansi ile maziwa na kupeana. Kabla hujanywa unamwuliza jirani yako hali yake, na akisema ni njema unamwuliza mara ya pili. Ndugu wapendwa, tusingoje siku ya kumbukumbu. Nyumbani kwetu yuko mmoja ambaye amenyamaza vizuri mno. Tumwendee leo, na tusiliogope lile neno.

Wanaokusanya habari za maisha yake walimwendea Havugimana huko Kibati, wakamwomba awaeleze muujiza alioutenda Sista Donatille kwake. Mzee aliwatazama kama watu wasiosikia vizuri.

"Aliniuliza," akasema, akarudi kukamua ng'ombe.